Presha ya oili kwenye injini ya ndege ndogo: maswali tunayoulizwa kila wiki

Sindano ya presha ya oili ikianza kucheza, simu yangu nayo huita. Mara nyingi ni rubani aliyesimama kwenye kivuli cha bawa, kiwanja cha vumbi, injini bado ya moto, anataka kujua kama airushe ndege kurudi Arusha au aiache palepale. Maswali ni yaleyale, ndiyo maana nimeyakusanya hapa.

Nazungumzia injini za pistoni: hasa Lycoming za silinda nne zilizomo kwenye Cessna 172, Continental za kwenye 206, na kidogo Rotax. Caravan haimo, ile ni tabaini na ina mambo yake. Kitabu cha ndege yako ndicho chenye kauli ya mwisho kuliko mimi, na kazi ya kufungua injini ni ya fundi mwenye leseni.

Geji inatakiwa isome ngapi?

Inategemea injini, wala usikariri namba ya ndege ya rafiki yako. Kwenye Cessna 172S, yenye Lycoming IO-360, kijani, yaani eneo la kawaida kwenye geji, kinaanzia psi (pauni kwa inchi ya mraba) 50 hadi 90. Mstari mwekundu wa chini uko 20, wa juu uko 115. Kwenye 172 nyingi za zamani kijani ni 60 hadi 90, na kiwango cha chini injini ikizunguka taratibu ni 25.

Sasa panda Cessna 206 yenye Continental IO-520. Kijani chake ni 30 hadi 60, na kwenye sailensa inaruhusiwa kushuka mpaka 10. Rubani aliyezoea 172 akiona 40 kwenye 206 anashtuka bure. Hatari kubwa ni kinyume chake: aliyezoea 206 kuona 40 kwenye 172 akiwa angani, akajisemea mbona iko sawa.

(Sailensa ninayoisema ni ile ya mafundi wa gereji, mwendo wa chini kabisa injini ikiwa imeachwa tu inazunguka.)

Hiyo presha inatoka wapi hasa?

Ukilielewa hili, nusu ya maswali yaliyobaki utayajibu mwenyewe.

Nyuma ya injini kuna pampu ya gia mbili zinazozungushwa na injini yenyewe. Inavuta oili kutoka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kupitia chujio la waya, inaisukuma kwenye kipoza oili na filta, halafu kwenye beringi za krenki na kwingineko. Pampu yenyewe inasukuma oili tu. Presha inazaliwa pale oili inapobanwa kupita kwenye nafasi nyembamba za beringi. Oili ikiwa nzito inapita kwa shida, presha inapanda. Ikiwa nyepesi, au nafasi zikiwa zimepanuka kwa kulika, inapita kirahisi na presha inashuka.

Kwa kuwa pampu inakwenda na kasi ya injini, ukiongeza mizunguko inasukuma oili nyingi kuliko inayohitajika. Hapo ndipo valvu ya kupunguza presha inapoingia kazini: kigololi kilichokandamizwa na springi. Presha ikizidi nguvu ya springi, kigololi kinanyanyuka na oili ya ziada inarudi kwenye sampu.

Kwa hiyo namba unayoiona kwenye mwendo wa safari ni habari za valvu na springi yake. Namba unayoiona kwenye sailensa injini ikiwa moto ni habari za pampu, beringi na uzito wa oili, maana hapo valvu imefunga na haihusiki. Namba mbili, mashahidi wawili tofauti. Rubani anayeniletea namba moja tu amenipa nusu ya habari.

Nikishawasha, nisubiri muda gani kabla ya kuzima?

Sekunde 30. Sindano isipotikisika ndani ya muda huo, zima. Usiongeze moto, yaani nguvu ya injini, eti ukiisukuma kidogo itaamka, kwa sababu kila mzunguko ni chuma juu ya chuma. Vitabu vya nchi za barafu vinaongeza muda asubuhi za baridi kali, lakini huku kwetu sekunde 30 zinatosha hata Julai.

Asubuhi ya baridi presha inapanda mpaka karibu na mstari mwekundu wa juu. Nihofu?

Hapana, mradi haiuvuki na inashuka oili inavyopata joto. Uwanja wa Arusha uko zaidi ya futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai joto linaweza kuwa nyuzi 12 au 13 za Selsiasi. Oili ya SAE 50 (SAE ni kipimo cha uzito wa oili) katika hali hiyo ni kama asali. Iache injini izunguke polepole, karibu 1,000 kwa dakika, ipate joto kabla hujaijaribu kwa moto mkubwa. Ndege hiyohiyo ikilala Zanzibar hutaona jambo hilo kabisa.

Kila nikitua mchana, presha inashuka kwenye sailensa hadi karibu na mstari mwekundu wa chini. Angani iko kijani. Ni injini inakufa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halikai kwenye sentensi moja.

Anza na joto la oili. Dar es Salaam mwezi Februari, nje nyuzi 32, umetoka kwenye mizunguko sita ya kuruka na kutua na mwanafunzi: oili imechoka kwa joto, nyepesi kama chai. Kushuka kwa presha kwenye sailensa ni kawaida hapo, ilimradi iko juu ya kiwango cha chini cha kitabu. Inua mizunguko hadi 1,000 au 1,200 uone. Ikipanda mara moja kwa kiasi cha maana, pampu inafanya kazi yake.

Tatizo ni mwelekeo. Mwezi Januari ilisoma 38, Machi 33, Mei 27, joto la oili likiwa lilelile na oili ya aina ileile. Hapo kuna kitu kinaendelea. Lakini kabla hujaanza kuota beringi mpya, angalia mambo ya bei nafuu.

Kipoza oili kwanza. Ndege zetu zinatua kwenye nyasi na vumbi. Mapezi ya kipoza yanajaa mbegu za majani, wadudu na udongo mwekundu. Chukua tochi, mulika upande mmoja, tazama upande wa pili. Kama mwanga haupiti, hewa nayo haipiti. Kisha tazama mipira ya kuziba hewa iliyozunguka silinda chini ya kava la injini. Ikiwa imepasuka au imejikunja kuelekea upande usiofaa, hewa inatoroka badala ya kupoza.

Halafu nusa kijiti cha kupimia oili. Ndiyo, kinuse. Kama kinanuka petroli, pampu ya kusaidia kuwasha inaweza kuwa inavujisha mafuta kwenye silinda, nayo yanashuka kwenye sampu na kuilainisha oili. Nimekuta ndege ambayo kijiti chake kilikuwa kinasoma oili inaongezeka yenyewe. Mwenye ndege alifurahi kwamba injini yake haili oili.

Joto likiwa sawa, kipoza safi, oili haina petroli, na bado sailensa inashuka mwezi hadi mwezi, basi kata filta na upeleke oili maabara. Hapo tunaanza kuzungumza habari za beringi na pampu.

Sindano inaruka-ruka, wakati mwingine inagusa sifuri na kurudi. Ni nini?

Oili haina uwezo wa kutoka psi 75 hadi sifuri na kurudi 75 kwa kufumba na kufumbua. Umeme una uwezo huo.

Kuna 172 iliyoletwa kwetu na malalamiko haya. Mwenyewe alikuwa ameshaulizia bei ya pampu. Tulifungua mpira wa sensa, tukafunga geji ya mkono iliyopimwa usahihi wake, tukawasha. Geji yetu ilikaa 78 bila kutikisika huku ya ndani ya chumba cha rubani ikicheza muziki wake. Nikazima, nikashika waya wa sensa pale unapoingia kwenye kichwa chake, nikaukunja kwa vidole. Kwa nje ganda lilikuwa zima. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote isipokuwa mbili. Kazi ya pampu ikafa pale, tukabadilisha kichwa cha waya.

Ndege za zamani hazina sensa ya umeme. Zina paipu nyembamba inayopeleka oili yenyewe hadi nyuma ya geji. Kwa hizo, kuchezacheza mara nyingi ni hewa ndani ya paipu au geji iliyochakaa. Ukiona unyevu wa oili karibu na miguu yako chini ya dashibodi, paipu inavuja. Waliounda mfumo huo waliweka tundu dogo sana pale paipu inapoanzia kwenye injini, ili ikikatika oili itoke taratibu na sampu isimwagike yote. Uchafu ndani ya tundu hilohilo huifanya sindano iwe nzito kupanda.

Mtikisiko wa polepole ni habari nyingine. Kama presha inayumba ukipandisha pua sana au ukilala kwenye kona kali, pima oili kwanza. Ikiwa kidogo, pampu inavuta hewa pamoja na oili. Ikiwa ya kutosha na bado inayumba, angalia upande wa kuvutia: chujio la sampu limeziba, au kuna mahali pampu inapofyonza hewa. Nimekuta vipande vya gundi ya gasketi kwenye chujio hilo, gundi ya ziada ambayo mtu aliipaka kwa ukarimu mno.

Presha iko chini muda wote, sailensa na safarini pia.

Utaratibu wangu haubadiliki: kiasi cha oili, geji ya mkono, kisha valvu. Bila geji ya mkono sifungui chochote. Ni kazi ya nusu saa na imewaokoa watu wengi na gharama ya kuteremsha injini.

Geji ya mkono ikithibitisha, valvu inafuata, kwa sababu inafikika. Kwenye Lycoming hizi iko juu upande wa kulia wa kasha la injini. Kuna moja naikumbuka, ndege ya shule, ilitoka kwenye kazi ya silinda na tangu siku hiyo ikawa inasoma 45 safarini. Nilifungua kifuniko, springi ikatoka, nikakitoa kigololi na kukifuta kwa kitambaa cheupe. Kwenye kiti chake, pale kigololi kinapokaa, kulikuwa na chembe nyeusi ndogo kuliko chenga ya mchele. Ilitosha kukizuia kigololi kisifunge.

Hapo usiwe na haraka ya kushangilia. Niliiweka chembe ile kwenye sumaku, haikushika. Nikaibana kati ya kucha mbili, ikasagika ikawa unga mweusi. Kaboni. Nikashusha pumzi. Ingekuwa inang'aa na haisagiki, valvu isingekuwa mgonjwa, ingekuwa dalili tu. Tulisafisha kiti, tukakagua kigololi kama kina mikwaruzo, tukapima urefu wa springi, tukarudisha. Ikasoma 75.

Kama valvu ni nzima, yanabaki mambo mazito: pampu, beringi, au mahali oili inapovuja ndani kwa ndani. Kwa Lycoming, fungua pia daftari la injini utafute amri ya usalama ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, namba 96-09-10, ya mwaka 1996, iliyoagiza gia za pampu za chuma cha unga uliobanwa zibadilishwe. Injini iliyofika huku kwa mkono wa tatu au wa nne, daftari lake likiwa na mapengo, ni ya kuuliza swali hilo.

Kwani si unakaza tu ile skrubu ya valvu presha inapanda?

Inapanda, ndiyo. Valvu nyingine zina skrubu ya kurekebisha, nyingine zinaongezwa washa (pete bapa za chuma) chini ya springi kwa idadi iliyowekewa kikomo kwenye kitabu. Marekebisho hayo ni halali kabisa injini inapotoka kufanyiwa ukarabati mkubwa, au springi ikibadilishwa.

Lakini injini iliyokuwa ikisoma 75 kwa miaka mitatu na sasa inasoma 58, skrubu haijajilegeza yenyewe. Kuna kilichobadilika ndani, na wewe ukikaza unamziba mgonjwa mdomo asilalamike. Tena kukaza hakusaidii sailensa hata kidogo, kwa sababu kule valvu ilikuwa imeshafunga. Ndivyo ninavyowakamata waliokaza: safarini 85 ya kupendeza, sailensa 18.

Niko angani, presha imeshuka. Nifanye nini?

Tazama joto la oili papo hapo. Maneno ya kitabu cha Cessna juu ya jambo hili ni ya busara na nayafundisha hivyohivyo.

Presha chini, joto kawaida: huenda ni geji au valvu. Elekea uwanja ulio karibu zaidi, utue, uchunguze. Uwanja wa karibu maana yake wa karibu, hata kama gari la abiria linasubiri kwingine.

Presha chini, joto linapanda: amini. Punguza moto mara moja, chagua mahali pa kutua kwa dharura, tumia nguvu ndogo kabisa itakayokufikisha hapo. Waarifu waongoza ndege ungali na mwinuko wa kuwafikia kwa redio.

Kuna mtego mmoja ambao marubani wengi hawaujui. Oili ikiwa imekwisha kabisa, kipima joto chake hakiogi tena kwenye oili, kwa hiyo kinaweza kubaki palepale au hata kushuka. Ukiisubiri sindano ya joto ikuthibitishie, injini inaweza kunoki ikiwa bado inakuambia mambo shwari. Tazama pia joto la vichwa vya silinda kama ndege yako inalo, sikiliza mlio, nusa, angalia kioo cha mbele na tumbo la ndege kama kuna oili.

Ukishatua na kuzima, usiwashe tena "kuona kama imepona". Nimeipokea injini ya namna hiyo. Kabla ya kuwashwa mara ya pili ilikuwa ya kurekebishika.

Ndege yangu ina propela inayobadilisha pembe. Kuna tofauti?

Ipo, na inakusaidia. Propela hiyo inatumia oili ya injini. Kwenye ndege nyingi za injini moja, oili ikikosekana propela inarudi kwenye pembe ndogo na mizunguko inapanda yenyewe. Presha kushuka pamoja na mizunguko kukimbia juu bila wewe kugusa kitu: hayo hayatoki kwenye waya mbovu.

Presha inakaa juu mno hata injini ikiwa moto.

Haitokei sana. Anza na sensa, kisha valvu iliyokwama ikiwa imefunga, kisha uliza nani aliongeza washa na lini. Oili nzito kuliko inayotakiwa nayo inachangia. Presha ya kupita kiasi inaweza kupasua kipoza oili au mpira wake, kwa hiyo usiidharau kwa kuwa tu iko upande wa "nyingi".

Nitumie oili gani? Ya gari je?

Ya gari, hapana, kwa Lycoming na Continental. Viungo vyake vya kusafishia vinaacha majivu, na majivu kwenye chumba cha mwako yanageuka makaa yanayowasha mafuta kabla ya wakati.

Injini mpya au iliyotoka ukarabati kwa kawaida inaanzishwa na oili ya madini isiyo na viungo hadi ulaji utulie, halafu inahamia oili ya kutawanya uchafu isiyo na majivu. Kwa joto letu, W100, ambayo ni SAE 50, inafaa pwani na bara mchana. Wanaoruka alfajiri nyanda za juu na kutua pwani adhuhuri wananufaika na 15W-50. Ukitoka W100 kwenda W80, SAE 40, tegemea geji isome chini kidogo. Usinipigie simu kwa hilo.

Kumwaga oili: kila saa 50 kwa injini yenye filta kamili, saa 25 kwa yenye chujio la waya peke yake, na miezi minne ikipita umwage hata kama hujaruka.

Niweke oili kiasi gani?

172S inabeba kwati 8 na haitakiwi kuruka ikiwa chini ya 5. Kwati ni karibu lita 0.95. Ukijaza 8, injini nyingi zinatapika ya juu kupitia bomba la kupumulia hadi ifike 6 au 7, tumbo la ndege linachafuka na wewe unadhani inavuja.

Bomba hilo la kupumulia lichungulie ndege ikiwa imekaa. Nyigu wa huku wanapenda matundu. Likizibwa, msukumo ndani ya kasha la injini unaweza kusukuma nje sili ya mbele ya krenki, na oili ikafuata.

Andika kila kwati unayoongeza na saa za injini. Binafsi, kwati moja kwa saa kumi hainikoseshi usingizi. Iliyokuwa moja kwa kumi ikawa moja kwa nne, naitaka karakana.

Filta ikikatwa mnatafuta nini?

Karatasi yake inakunjuliwa kama feni na kutandazwa juani. Chembe nyeusi zinazosagika ni kaboni. Zinazoshika sumaku ni chuma au chuma cha pua cha aina fulani: gia, kamshafti, pete za pistoni. Zinazong'aa bila kushika sumaku ni aluminiamu au metali ya beringi. Chembe mbili tatu kwenye injini mpya si ajabu. Vipande vya kuonekana bila miwani, ndege haitoki. Simama wewe mwenyewe pale filta inapokatwa, ni ndege yako.

Ndege ilikaa miezi mitano bila kuwashwa. Geji haipandi.

Oili imeshuka yote kwenye sampu na pampu imekauka. Usiwashe kwa pupa. Toa plagi moja kwa kila silinda ili injini isiwe na mbano, zungusha kwa stata vipindi vifupi ukiipumzisha katikati, hadi geji ionyeshe uhai. Ndipo urudishe plagi. Isipoonyesha, pampu inahitaji kujazwa oili na fundi.

Rotax 912 ni hivihivi?

Sivyo. Sampu yake ni kavu, oili inakaa kwenye tangi la pembeni, na kabla ya kusoma kijiti unazungusha propela kwa mkono, kwa upande wake wa kawaida, hadi usikie tangi likicheua. Asiyefanya hivyo anaona oili pungufu, anaongeza, inazidi. Presha yake inasomwa kwa bar: 2 hadi 5 juu ya mizunguko 3,500, isiyopungua 0.8 chini ya hapo, na inaweza kufika 7 kwa muda mfupi ikiwa baridi. Bar moja ni psi 14.5.

Na ndiyo, hii haitumii oili ya ndege ya kawaida. Oili yake inalainisha pia giaboksi ya propela, hivyo wanaelekeza za aina ya pikipiki. Mipira ya oili ikifunguliwa, hewa itolewe kwa utaratibu wa kitabu kabla ya kuwasha.

Nimwandikie fundi nini?

Nimeshapokea daftari lililoandikwa "geji ya oili mbaya". Siku nzima ilipotea. Ndege hiyohiyo, wiki iliyofuata, rubani mwingine, binti aliyekuwa bado mwanafunzi, aliandika hivi, nami nikajua pa kuweka mkono kabla sijafungua kava:

"Saa 1.2 baada ya kuruka, futi 7,500, mizunguko 2,400. Presha ilitoka 74 hadi 51 ndani ya kama dakika mbili, ikakaa hapo. Joto la oili halikubadilika, 195 za Farenhaiti. Sailensa baada ya kutua 31, kama kawaida yake. Oili kabla kwati 7, baada 7. Hakuna uvujaji tumboni."